Usomaji wa mafaili unapokwama kwenye kompyuta ya prosesa nyingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaoendesha seva zenye prosesa nyingi na kuona kuwa usomaji wa mafaili hauendi kwa kasi inayolingana na mashine waliyo nayo. Majibu yanahusu zaidi kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux, ingawa mengi yanafaa hata kwa FreeBSD na nyinginezo, maana chanzo cha shida ni jinsi prosesa zinavyogawana kumbukumbu. Amri nyingi zilizotajwa zinahitaji ruhusa ya msimamizi wa mfumo.

### Nimehama kutoka mashine ya prosesa 8 hadi ya prosesa 64, na usomaji haujaongezeka kasi. Nianzie wapi?

Jiulize kwanza nyuzi za programu yako (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba) zinapitisha muda wao wapi. Uzi unaosoma faili huwa katika mojawapo ya hali tatu. Ama unafanya kazi: umeingia kwenye kerneli, unatafuta ukurasa (kipande cha faili) kwenye kache, yaani nakala zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu kuu, na kunakili data hadi kwenye kumbukumbu ya programu. Ama unasubiri diski. Ama unasubiri uzi mwingine uachie kitu wanachokigombania. Ukikosea kutambua hali, kila utakachofanya baadaye ni kazi bure: diski mpya haiondoi ugomvi wa makufuli (vizuizi vinavyoamua nani aguse kitu kinachogombaniwa), na kerneli iliyonyooshwa vizuri haiizungushi sahani ya diski kwa kasi zaidi.

Jaribio la kwanza ni rahisi. Chagua mafaili yanayoenea kwenye kumbukumbu kuu, yasome yote mara moja, kisha yasome tena kwa idadi ileile ya nyuzi. Mara ya pili diski haipaswi kuguswa. Hakikisha kwa `iostat -x 1` kwamba safu za usomaji zimebaki sifuri. Ikiwa mara ya pili mambo yanakwenda kasi, shida iko kwenye diski au kwenye njia ya kuifikia. Ikiwa bado ni polepole, achana na diski kabisa na utafute ndani ya kerneli, kwenye kumbukumbu, au kwenye programu yenyewe.

Jaribio la pili ni kubadilisha idadi ya nyuzi: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, huku kila kitu kingine kikibaki vilevile, halafu uchore kasi uliyopata. Umbo la mchoro linasema mengi. Mstari ukipanda kisha ukalala, kuna rasilimali iliyojaa, kwa mfano diski au njia ya kumbukumbu. Ukipanda kisha ukashuka, yaani nyuzi 32 zinasoma data kidogo kuliko nyuzi 8, hiyo ni dalili kubwa ya ugomvi, kwa sababu rasilimali iliyojaa tu kwa kawaida haina sababu ya kurudi nyuma. Diski za sahani ndizo zinazovunja kanuni hiyo, na nimezieleza chini. Mimi sianzi kuangalia kitu kingine chochote kabla mchoro huu haujapatikana.

### Nitarajie kasi kiasi gani hata mambo yakienda vizuri?

Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967, na hesabu yake bado inafanya kazi. Ikiwa asilimia 5 ya kazi lazima ifanywe na prosesa moja kwa wakati mmoja, huwezi kupita mara 20 ya kasi ya awali, hata ukiwa na prosesa elfu. Kwa prosesa 64 utapata takriban mara 15. Sehemu hiyo ikipungua hadi asilimia 1, prosesa hizohizo 64 zitakupa takriban mara 39. Ndiyo maana kufuli linaloonekana dogo sana kwenye mashine ya prosesa 4 linakuwa ukuta kwenye mashine ya prosesa 64.

### `top` inaonyesha asilimia 40 kwenye safu ya `wa`. Je, diski ndiyo tatizo?

Huenda, lakini namba hiyo peke yake haithibitishi. Safu ya `wa` ni muda ambao prosesa haikuwa na kazi yoyote huku kukiwa na ombi la diski lililoanzishwa kwake ambalo halijakamilika. Ni aina ya muda wa mapumziko. Ukiwasha programu nyingine inayopiga hesabu nzito, `wa` itashuka papo hapo ingawa diski inateseka vilevile. Kinyume chake, kwenye mashine ya prosesa 64, uzi mmoja tu unaosubiri diski muda wote utaonyesha asilimia isiyofika 2, na programu yako ikawa imesimama kabisa.

Kipimo kinachoaminika zaidi ni faili la `/proc/pressure/io`, lililoingia kwenye Linux 4.20 mwaka 2018. Mstari wa `some` unaeleza ni asilimia ngapi ya muda ambapo angalau kazi moja ilikuwa imezuiwa na usomaji au uandishi; mstari wa `full` unaeleza muda ambao kazi zote zisizokuwa zimepumzika zilizuiwa kwa pamoja. Namba hizi zinahesabu kazi zinazokwama, na hicho ndicho unachotaka kujua.

### `iostat` inasema `%util` ni 100. Diski imejaa?

Kwa diski moja ya sahani, karibu ni kweli. Kwa diski ya NVMe (diski ya kielektroniki isiyo na sahani), hapana. `%util` hupima sehemu ya muda ambapo kulikuwa na angalau ombi moja kwenye diski. Diski ya sahani hushughulikia ombi moja kwa wakati, kwa hiyo kuwa na kazi muda wote ni sawa na kujaa. NVMe imejengwa kupokea maombi mengi kwa pamoja: kiwango chake kinaruhusu foleni 65,535 za kazi, kila moja ikiwa na nafasi ya hadi maombi 65,536, wakati SATA (kiunganishi cha zamani cha diski) kwa njia ya AHCI ina foleni moja ya maombi 32. Ombi moja moja mfululizo linatosha kuifanya NVMe ionyeshe asilimia 100 ilhali haijafanya hata sehemu ndogo ya uwezo wake.

Hapa tumia hesabu ya foleni: idadi ya maombi yaliyo njiani ni sawa na kasi ya maombi ukizidisha na muda wa kila ombi. Tuseme kila usomaji wa kilobaiti 4 unachukua mikrosekunde 100. Uzi mmoja unaosoma, kusubiri, kisha kusoma tena utafanya usomaji 10,000 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 40 kwa sekunde. Mtu huona megabaiti 40 kwenye diski iliyotangazwa kutoa megabaiti elfu kadhaa, akaamini diski ni mbovu. Diski ni nzima, haijapewa kazi. Ili kupata usomaji 500,000 kwa sekunde kwa muda uleule wa mikrosekunde 100, lazima wastani wa maombi 50 yawe njiani kila wakati. Yaweza kutoka kwenye nyuzi 50, au kwenye nyuzi chache zinazotumia `io_uring`, njia ya kutuma maombi mengi bila kusubiri kila moja, iliyoingia kwenye Linux 5.1 mwaka 2019.

Kwa hiyo kwenye `iostat -x` mimi hutazama safu mbili kwa pamoja: `r_await`, ambayo ni muda wa wastani wa ombi la kusoma, na `aqu-sz`, ambayo ni urefu wa foleni. Foleni fupi na muda mfupi: diski inangoja programu. Foleni ndefu na muda unaorefuka: diski ndiyo imezidiwa.

### Kwa nini nyuzi nyingi zimeifanya diski yangu ya sahani iwe polepole zaidi?

Kwa sababu umegeuza usomaji wa mfululizo kuwa wa kurukaruka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kwa mzunguko mmoja, hivyo wastani wa kungoja data ifike chini ya kichwa ni takriban milisekunde 4.2, na hapo bado hujahesabu mwendo wa kichwa chenyewe. Ndiyo sababu diski kama hizi hufanya usomaji wa kurukaruka mia moja hivi kwa sekunde. Uzi mmoja unaosoma faili kubwa kutoka mwanzo hadi mwisho haulipi gharama hiyo mara kwa mara. Nyuzi 64 zenye mafaili 64 huilipa kila zinapopokezana.

Usomaji wa mapema, yaani kerneli kuvuta data ya mbele kabla haijaombwa, hupunguza machungu. Thamani ya kawaida kwenye Linux ni kilobaiti 128, na unaweza kuiongeza kwenye `/sys/block/<diski>/queue/read_ahead_kb`. Kwa programu inayojua inachofanya, `posix_fadvise` ni bora zaidi: `POSIX_FADV_SEQUENTIAL` huongeza dirisha la faili hilo mara mbili, na `POSIX_FADV_RANDOM` huzima usomaji wa mapema ili usivute data isiyotakiwa.

### `perf top` inaonyesha `native_queued_spin_lock_slowpath` juu kabisa. Nirekebishe nini?

Kwanza, jina hilo linaloonyeshwa na `perf` (chombo cha kupima prosesa zinatumia muda wapi) si la mkosaji. Ni mahali ambapo prosesa huzunguka zikingoja kufuli lolote la aina ya kuzunguka, na kwenye kerneli kuna maelfu ya makufuli ya aina hiyo. Unachotafuta ni nani aliyeita. Chukua sampuli pamoja na mnyororo wa miito (nani ameita nani):

`perf record -a -g -F 99 -- sleep 30`

kisha `perf report`, ufungue mti kutoka kwenye jina hilo kwenda juu. Jina la kwanza lenye maana baada ya ngazi za makufuli ndilo linalokuambia uko kwenye mtaa gani wa kerneli. Majina kama `shrink_inactive_list` au `folio_batch_move_lru` yanamaanisha kerneli inapanga au kufukuza kurasa za kumbukumbu, na kufuli ni la orodha za kurasa. Majina ya mpangaji wa diski (sehemu inayopanga mfuatano wa maombi), kama yale ya `bfq` au `dd_` ya mq-deadline, yanamaanisha foleni ya diski. Majina ya mfumo wa mafaili yanajieleza yenyewe.

Hali ya orodha za kurasa inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa hudanganya wengi. Hutokea pale data unayosoma ni kubwa kuliko kumbukumbu: kila ukurasa mpya unaoingia lazima ufukuze mwingine, na nyuzi zote 64 zinasukumana kwenye orodha ileile. Kufuli hilo lilikuwa la kila nodi ya kumbukumbu (kumbukumbu iliyo karibu na kundi moja la prosesa) kwa miaka mingi, na tangu Linux 5.11 ya mwaka 2021 limegawanywa kwa kila kundi la kazi, hivyo kontena mbili hazigombani tena. Lakini nyuzi za kontena moja bado zinagombana. Ikiwa data husomwa mara moja na haitarudiwa, kuipitisha kwenye kache ni hasara tupu: tumia `O_DIRECT`, inayosoma bila kupitia kache, au uiachie baada ya kuisoma kwa `POSIX_FADV_DONTNEED`.

Pili, tazama ni asilimia ngapi. Asilimia 3 kwenye kufuli haistahili usiku wako. Asilimia 40 inastahili kila kitu, na kumbuka kwamba muda huo wa kuzunguka unaonekana kwenye `top` kama prosesa zinazochapa kazi kwa bidii.

Makufuli ya sasa hungoja kwa foleni: tangu Linux 4.2 ya mwaka 2015, kwenye prosesa za x86 kila anayesubiri huzunguka kwenye kumbukumbu yake mwenyewe, kwa wazo lililotolewa na Mellor-Crummey na Scott mwaka 1991. Makufuli ya zamani yaliwafanya wote wagonge mahali pamoja, na kasi iliporomoka ghafla prosesa zilipozidi idadi fulani. Foleni imeondoa maporomoko hayo. Haijaondoa kungoja.

### Hakuna kufuli lolote kwenye `perf`, data iko kwenye kache, na bado kasi imegoma kupanda. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na kwa maoni yangu hili ndilo eneo ambalo watu hupoteza muda mwingi kuliko yote. Mkosaji ni kaunta inayoshirikiwa.

Prosesa haichukui baiti moja moja kutoka kwenye kumbukumbu. Huchukua mstari wa kache, ambao kwenye x86 ni baiti 64. Prosesa nyingi zinaweza kuwa na nakala ya mstari uleule mradi zinasoma tu. Mmoja akitaka kuandika, hata kuongeza moja kwenye kaunta, lazima awe mmiliki pekee, na nakala za wengine hubatilishwa. Mwingine akitaka naye kuongeza moja, mstari unasafiri hadi kwake. Safari hiyo kati ya soketi mbili (chipu mbili za prosesa) inaweza kufika nanosekunde 100 au zaidi. Piga hesabu: kwa nanosekunde 100 kila mara, kaunta hiyo haiwezi kuongezwa zaidi ya mara milioni 10 kwa sekunde kwenye mashine nzima, iwe na prosesa 4 au 400. Hapakuwa na kufuli, na bado kazi imepangwa mstari mmoja.

Kwenye usomaji wa mafaili, kaunta hizo zipo njia nzima. Kila unaposoma kutoka kwenye kache, kerneli hushika ukurasa kwa kuongeza kaunta ya watumiaji wake ili usifukuzwe wakati unanakiliwa, kisha huipunguza. Nyuzi zote zikisoma ukurasa uleule, tuseme mwanzo wa faili moja la faharasa, kaunta moja hubeba mzigo wote. Kwenye `perf` utaona muda ukilundikana ndani ya `filemap_get_read_batch` au `filemap_read`, na ukifungua maelekezo ya mashine utakuta umelundikana kwenye elekezo moja lenye `lock` au lile linalofuata.

Kuthibitisha: `perf c2c record` kisha `perf c2c report`. Chombo hiki, kilichoingia na Linux 4.10 mwaka 2017, kinaorodhesha mistari ya kache inayonyang'anywa kati ya prosesa, na kinaonyesha nani anaandika na nani anasoma. Kitakuonyesha pia hali ambapo vitu viwili visivyohusiana vimewekwa kwenye mstari mmoja kwa bahati mbaya tu. Usipokuwa nacho, kuna jaribio la mikono: mpe kila uzi nakala yake ya faili. Kasi ikiruka juu, umeshapata jibu.

Mwaka 2010 watafiti wa MIT waliipima Linux kwenye mashine ya prosesa 48 kwa kutumia programu saba. Shida nyingi walizozikuta zilikuwa za aina hii, kaunta na makufuli yanayoshirikiwa bila ulazima, na nyingi zilitibika kwa mabadiliko ya kiasi bila kuiandika kerneli upya. Baadhi ya waliyoyaonyesha yametengenezwa tangu wakati huo. Kanuni haijabadilika.

### Nyuzi zangu zote zinatumia faili moja lililofunguliwa mara moja. Kuna ubaya?

Upo, ikiwa zinaita `read`. Faili lililofunguliwa lina nafasi moja ya kusomea, na tangu Linux 3.14 ya mwaka 2014 kerneli huilinda nafasi hiyo kwa kufuli kila faili linaposhirikiwa. Nyuzi 64 zinapanga foleni, mmoja mmoja. Tumia `pread`, ambayo hupewa nafasi na mwitaji na haigusi kufuli hilo, au ulifungue faili mara moja kwa kila uzi. Ni badiliko la mistari michache, na nimeona likimaliza tatizo zima.

### `perf` inaonyesha prosesa zimetulia, diski imetulia, na programu haisogei.

`perf record` ya kawaida huchukua sampuli za prosesa zinazofanya kazi. Uzi uliolala ukingoja kufuli la kulalia (ambalo anayengoja hulala badala ya kuzunguka) hauonekani humo hata kidogo. Hapa unahitaji kupima muda wa kulala. Njia ya haraka ni kusoma `/proc/<pid>/task/*/stack` mara kadhaa. Nyuzi nyingi zikionekana zimesimama mahali pamoja, hapo ndipo penyewe. Njia ya uhakika ni chombo cha `offcputime` cha BCC (mkusanyiko wa vyombo vya kuchunguza kerneli), kinachojumlisha muda wa kulala kwa kila mnyororo wa miito. Kwenye kerneli mpya kuna pia `perf lock contention`.

Mfano unaokutwa mara nyingi ni faili moja linalosomwa na wengi huku mwingine akiliandika. XFS, mmoja wa mifumo ya mafaili ya Linux, huchukua kufuli la faili kwa namna ya kushirikiana hata kwa usomaji wa kawaida, ili msomaji asione maandishi nusunusu. Mwandishi akilichukua peke yake, wasomaji wote wanangoja. ext4, mfumo mwingine wa mafaili, haifanyi hivyo kwa usomaji unaopita kwenye kache, kwa hiyo programu ileile huweza kuonekana nzima kwenye ext4 na mgonjwa kwenye XFS. Sioni haki kuiita XFS mbovu kwa hilo. Inatoa dhamana ambayo ext4 haitoi. Hata pasipo mwandishi, kufuli la kushirikiana lina kaunta, na kaunta hiyo husafiri kama nilivyoeleza juu.

### Mafaili yangu ni madogo na ni mamilioni. Usomaji wenyewe ni mfupi.

Basi huenda gharama iko kwenye kufungua. Kila jina kwenye njia ya faili lazima litafutwe. Tangu Linux 2.6.38 ya mwaka 2011, njia ambayo tayari iko kwenye kache ya majina hutembelewa bila kuandika chochote kwenye kumbukumbu inayoshirikiwa, na hilo lilikuwa badiliko kubwa. Mwishoni mwa njia, hata hivyo, kaunta ya faili lenyewe huongezwa, kwa hiyo nyuzi nyingi zinazofungua na kufunga faili lilelile zitagongana hapo. Lifungue mara moja, ulishikilie.

Majina yasiyo kwenye kache ni habari nyingine: kerneli hulazimika kuuliza mfumo wa mafaili huku ikishika kufuli la saraka. Tangu 4.7 ya mwaka 2016 watafutaji wengi huweza kuingia pamoja, lakini anayeunda au kufuta faili kwenye saraka hiyo huwafungia wote. Kugawa mafaili kwenye saraka nyingi bado kuna faida, hasa panapo uundaji mwingi.

Kuhusu muda wa kusomwa mara ya mwisho, ambao huandikwa kwa kila faili: `relatime` imekuwa chaguo la kawaida tangu 2.6.30 ya mwaka 2009, na inapunguza uandishi huo sana. `noatime` inaumaliza. Kwenye mamilioni ya mafaili yanayosomwa mara moja kwa siku, tofauti inaonekana.

### Nibadilishe `read` kuwa `mmap`?

Usikimbilie. `mmap`, inayoliweka faili kwenye ramani ya kumbukumbu ya programu, huondoa kunakili, lakini mara ya kwanza uzi unapogusa ukurasa ambao haujawekwa kwenye ramani ya programu, kerneli huingilia kuuweka. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilipitia kufuli moja la ramani nzima, linaloshirikiwa na nyuzi zote za programu. Kuanzia 6.4 ya mwaka 2023 kufuli lilianza kugawanywa kwa kila eneo la ramani, na matoleo yaliyofuata yakaeneza hilo hadi kwenye kurasa za mafaili. Kuna gharama ya pili: unapoondoa ramani, kila prosesa inayoendesha nyuzi za programu hiyo huenda ikatumiwa kikatizi (ishara ya kuikatiza kazi yake) ili isahau anwani za zamani. Programu inayofungua na kufunga ramani kila mara kwenye prosesa 64 huumia vibaya. `mmap` inafaa pale faili linapowekwa mara moja na kusomwa kwa muda mrefu, hapa na pale.

Ikiwa `perf` inaonyesha muda mwingi kwenye kunakili, mathalani `_copy_to_iter`, hiyo ni habari njema kwa kiasi fulani: kerneli inafanya ulichoiomba. Jaribu kutumia bafa (eneo la kupokelea data) moja ya kilobaiti 64 hadi 256 na kuirudia, ili ibaki kwenye kache ya prosesa, badala ya bafa ya megabaiti mia inayopita kwenye kumbukumbu kuu kila mara. Na ikiwa unasoma baiti chache kwa kila mwito, hesabu miito hiyo. Kinga dhidi ya Meltdown, dosari ya usalama ya prosesa, zilizowekwa mwaka 2018 ziliongeza gharama ya kuingia kerneli kwenye prosesa nyingi zilizoathirika.

### Mashine ina soketi mbili, na programu ileile hutoa kasi tofauti kila ninapoiwasha.

Ni NUMA, yaani kila soketi ina kumbukumbu yake ya karibu, na ya mwenzake iko mbali. Ukurasa wa faili kwa kawaida hukaa kwenye kumbukumbu iliyo karibu na prosesa iliyousoma kwanza kutoka diski, na hubaki huko. Ikiwa uzi mmoja ulipasha moto kache yote, data yote huenda iko upande mmoja, na nusu ya prosesa zinaisoma kwa mbali kupitia njia moja. Tazama `numastat -m`, mstari wa `FilePages`. Ili kuisambaza, futa kache kwanza kwa kuandika 3 kwenye `/proc/sys/vm/drop_caches`, kisha soma upya chini ya `numactl --interleave=all`. Bila kufuta, amri hiyo haibadilishi kitu, kwa sababu kurasa zilizokwisha kuwekwa hazihami.

### Kwenye mashine tupu ni kasi, ndani ya kontena ni polepole. Kwa nini?

Kache ya kurasa huhesabiwa kwenye kumbukumbu ya kontena lililoileta. Kontena lenye kikomo cha gigabaiti 2 halitashika faili la gigabaiti 10 hata mashine ikiwa na gigabaiti 500 zilizo huru. Tazama `workingset_refault_file` ndani ya `memory.stat`: ikipanda haraka, kurasa zinafukuzwa na kurudishwa muda mfupi baadaye. Angalia pia `io.max`, huenda mtu aliweka kikomo akasahau.

### Vikatizi na mpangaji wa diski vina mchango gani?

Fungua `/proc/interrupts`. Ikiwa vikatizi vyote vya diski vinaangukia prosesa moja, na prosesa hiyo imejaa huku nyingine zimepumzika, umepata kikomo. NVMe kwa kawaida hugawa foleni zake kwa prosesa zote, kwa msaada wa mfumo wa foleni nyingi ulioingia Linux 3.13 mwaka 2014. Kwa diski za kasi kubwa chagua `none` kama mpangaji. `bfq` ina hekima nyingi kwa diski za polepole, lakini kufuli lake moja kwa kila diski halihimili mamia ya maelfu ya maombi kwa sekunde.

### Je, vipimo vyenyewe vinaweza kunidanganya?

Ndiyo. `strace` huisimamisha programu kwenye kila mwito, na kwa programu yenye miito midogo mingi huipunguza kasi mara nyingi. Itumie kuhesabu miito, usiitumie kupima muda. Kerneli iliyojengwa na ukaguzi wa makufuli, kama `CONFIG_LOCKDEP` au `CONFIG_LOCK_STAT`, hubadilisha yale unayopima. Ndani ya mashine pepe, prosesa inayoshika kufuli inaweza kuondolewa na mwenyeji katikati ya kazi, na wengine wote wakazunguka bure. Tazama safu ya `st` ya `top`, yaani muda ulionyang'anywa na mwenyeji, kabla ya kulaumu kerneli.

### Nimefika mwisho, naamini kosa liko kwenye kerneli. Nipeleke nini kwa wanaoitunza?

Toleo kamili la kerneli, na ikiwa ni la msambazaji, lijaribu pia toleo jipya lisiloguswa, maana wasambazaji huchanganya marekebisho ya matoleo tofauti na namba peke yake haitoshi. Matokeo ya `lscpu`, aina ya mfumo wa mafaili na chaguo ulizouwekea. Mchoro wa kasi kwa idadi ya nyuzi. Ripoti ya `perf` yenye minyororo ya miito, na ya `perf c2c` ikiwa unashuku mistari ya kache. Zaidi ya yote, programu fupi inayoleta tatizo, au mpangilio wa `fio` (chombo cha kupima kasi ya diski) unaolizalisha kila mara.

Ikiwa toleo la zamani lilikuwa zima na jipya ni bovu, `git bisect` itakupeleka hadi kwenye badiliko lenyewe. Matoleo mawili yanayofuatana hutenganishwa na zaidi ya mabadiliko elfu kumi, na kwa kuwa kila hatua inakata nusu, utajenga na kupima kerneli takriban mara 14. Ripoti inayotaja badiliko moja kwa jina hujibiwa upesi, kwa sababu aliyeliandika anajua mara moja kuwa ni lake.